Ujumbe wa Kocha

S.L.P. 118
Jumatatu, 9 Machi

Mpendwa Dada Komeo,

Pokea salamu zangu na za wote wa hapa nyumbani. Lile goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi za wodini? Watoto hawajambo? Sisi tu wazima, isipokuwa mama yangu, mama mdogo wako, presha yake inapanda na kushuka, na dawa anameza akijisikia. Mimi mwili mzima. Moyo ndio haujatulia, wiki ya pili sasa. Nimeshakata suruali mbili za sare za shule mguu mmoja mfupi, bosi ananitazama tu.

Chanzo ni sinema. Shemeji yako alipewa tiketi mbili na mteja aliyemchomelea geti, tukaenda Jumamosi ile ya mwisho wa Februari, mchana. Sikuuliza hata inahusu nini. Kumbe ni watoto wa mtaa mmoja wanaopenda hoki kuliko chakula. Wanachezea kwenye changarawe nyuma ya ghala, magongo yao mbao za vitanda vibovu. Dada, niliona kama mtu alikuwa akituchungulia miaka ile yote. Golikipa wao ni msichana mkali, anawafokea mabeki kama ulivyokuwa ukitufokea sisi. Nilicheka mpaka watu wa mbele wakageuka.

Halafu ikafika mahali kocha anamtuma mdogo wake yule msichana: kamwambie dada yako amechaguliwa. Mtoto akatimua mbio, kiatu kimoja kikamchomoka, hakukirudia. Hapo nikainuka nikatoka nje. Shemeji yako akanifuata.

"Vipi, unaumwa?"

Nikamwambia mle ndani kuna joto. Hakukuwa na joto.

Sasa nikuambie. Baada ya yale majaribio ya timu ya wasichana, ulikaa siku nne ukisubiri majibu, hodi ikipigwa tu unaruka. Dada, kocha alikuja. Wewe ulikuwa umetumwa dukani, mama yuko kazini, nikamfungulia mimi. Akasema, "Mwambie dada yako nimemchukua. Jumamosi saa mbili asubuhi, aje na viatu." Nikaitikia. Uliporudi ukaniuliza kama kuna mtu amekuja. Nikasema hakuna.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilijua waliochaguliwa wanahamia bweni la timu, na kitanda chako kitabaki kitupu. Sikuwaza zaidi ya hapo. Jumamosi ile ulifua mashuka ya nyumba nzima, kisha gongo lako ukampa mtoto wa jirani. Mwaka uliofuata ukaenda kusomea uuguzi, na kitanda kikabaki kitupu vilevile.

Juzi nilimtafuta kocha. Amezeeka, ana kibanda cha kutengeneza baiskeli. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, naye akiendelea kuzungusha gurudumu kutafuta lilipopinda.

"Nilimsubiri mpaka saa nne," akasema. "Nikadhani wazazi wamekataa. Nikamweka golini msichana mwingine, mwoga wa mpira."

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Mimi si yeye. Mwandikie mwenyewe."

Mama hataki. "Mtu ana kazi yake, ana watoto wake, unamchokonolea nini?" Labda yuko sahihi, sijui. Barua hii nimeianza mara tatu juu ya meza ya kukatia vitambaa, na mara tatu nimeichana. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama nasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Sitajitetea kwamba nilikuwa mtoto. Nilikuwa mtoto siku ile moja; miaka ishirini na sita iliyofuata sikuwa mtoto. Wewe ndiye uliyeninunulia cherehani yangu ya kwanza. Nilikuandikia kurasa mbili za shukrani, na hili nikaliruka.

Nisamehe, dada. Ukishindwa sasa hivi, sitakulaumu. Ila Jumapili saa kumi jioni nitakuwa nimekaa karibu na simu, na nimewaambia wa nyumbani asiipokee mtu mwingine. Ukitaka kunifokea, nifokee. Ukipiga ukakosa maneno, usikate, nitasikiliza tu unavyopumua.

Shemeji yako anakusalimu, ingawa hajui ninachoandika. Mama anauliza mjukuu wake mkubwa amefika darasa la ngapi. Kocha naye amesema nikusalimu, akataja jina lako lote, mpaka la babu.

Mungu akulinde wewe na wagonjwa wako, na akurahisishie kuisoma barua hii mpaka mwisho.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, na ninayekuogopa leo kuliko siku zote,

Sindano