Betri Uliyomwachia Mama

Kaka yangu,

Huku mvua zimeanza, na cherehani yangu imepona.

Ulipounganisha betri mpya na ile chakavu ya sola hapa kwa mama, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, nilikuuliza: "Umezipima? Chaji zake ziko sawa?" Ukanicheka: "Wewe shona nguo!" Hata fyuzi hukuweka, ukapanda basi ukaenda zako.

Juzi asubuhi mama alikuwa akifagia pale zilipo betri. Ile chakavu ilichemka, ikapasuka, tindikali ikamrukia usoni. Jicho la kushoto halioni tena.

Amenikataza kukuambia, eti utaumia. Mimi nataka uumie! Majirani anawaambia ameungua na mafuta ya kupikia, jina lako lisichafuke. Njoo uwaambie ukweli wewe, kabla sijawaambia mimi.

Ni mimi dada yako, nisiyekusalimu leo.