Oili ya Kwanza ya Pikapu ya Baba Paulo

Jumatatu, tarehe 4
Nimeosha bloku ya injini kwa sabuni ya unga na maji moto. Mara tatu, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Ni pikapu ya Baba Paulo wa Mutuka. Injini hii hii niliifanyia oveholi mwaka jana, nikaifungua yote na kuifunga upya, ikakwama baada ya wiki tatu, gari limejaa mahindi. Bado kanirudishia mimi. Mwingine angenitangaza soko zima. Ikifa tena, jina langu Babati limekwisha. Nifunge gereji, nikalime.

Jumanne, tarehe 5
Nimekasirika. Nilishika kopo la grisi ya magurudumu nipake beringi za krenkishafti, lile shafti kuu la injini, isiwake kavu. Ndivyo nilivyofundishwa. Mama Glory, fundi niliyemwajiri mwezi uliopita, kanidaka mkono. Mbele ya wateja!
"Baba Ester, hiyo haiyeyuki kwenye oili. Itaziba njia za oili."
Nikamwambia nilishika spana yeye hajazaliwa. Akaendelea na kazi yake.

Jumatano, tarehe 6
Leo kaenda kwenye vyuma chakavu nyuma ya gereji, kaleta krenkishafti ya zamani ya pikapu hiyo hiyo, ile iliyokwama. Kaingiza waya kwenye tundu la oili. Kavuta. Grisi nyeusi, ngumu, imejaa tele.
Kumbe niliiua mimi. Mwaka mzima nimelaumu duka la spea. Nyingine ngapi nimeziua?

Alhamisi, tarehe 7
Huyu mama ana mikono! Kwenye beringi na kamshafti, shafti la kufungua valvu, kapaka mafuta mazito ya kufungia injini. Yananata kama asali, lakini oili ikipita yanayeyuka. Kwenye ringi za pistoni, oili nyepesi kiduchu tu. Anasema ringi zinatakiwa zisuguane na silinda kidogo ndipo zikae, ukizilowesha sana zinateleza tu.
Kafunga, kaniita. Nimezungusha shafti kwa mkono mmoja. Ikazunguka! Miaka yote hii sijawahi kufunga injini ikazunguka hivyo. Nimeona wivu kidogo. Nimefurahi zaidi.

Ijumaa, tarehe 8
Baba Paulo kaja na galoni la oili kutoka Arusha, ile ya bei mbaya, ya sintetiki. Anataka kuiheshimu injini. Tena anataka ikiwashwa iachwe ingurume polepole uani mpaka jioni, ipumzike kama mzazi. Wote hapa tunafanya hivyo. Hata mimi.
Mama Glory kampa shikamoo, kisha kakataa yote mawili. Hiyo oili aitunze kwa baadaye, inateleza mno kwa ringi mpya. Tuanze na oili ya kawaida. Na injini mpya haipumzishwi, inafanyishwa kazi.
Mzee akanigeukia mimi. Nikasema afanye anavyosema mama.

Jumamosi, tarehe 9
Kakata dizeli kwanza injini isiwake, kapiga stata mpaka oili ikapanda na taa yake ikazima. Ndipo akafungulia. Ikashika mara moja. Hakuiacha ingurume uani, tukapakia magunia ya mchanga, tukaelekea mlima wa Dareda, yeye usukani.
Kupanda mara ya kwanza, moshi wa bluu, wa oili inayoungua. Nilijua nimekwisha. Yeye hata hakugeuka, anakanyaga, anaachia, anakanyaga. Mara ya pili moshi ukapungua. Ya tatu, hamna kitu. Hewa safi nyuma yetu!
Kurudi tumemwaga oili ya moto. Ndani yake chembe laini za chuma, kiasi cha kawaida kwa injini mpya. Tumeweka nyingine na filta mpya. Kanywa chai, kaenda kwake Nakwa. Fundi wa kweli.

Jumatatu, tarehe 11
Baba Paulo kaja kuchukua gari. Nimemwambia ukweli: ile ya kwanza niliiua mimi, kwa grisi. Akalizunguka gari lake polepole. Akauliza hii kafunga nani. Nikamwonyesha Mama Glory.
Mzee mzima akavua kofia. "Shikamoo, fundi."
Mama Glory kacheka, kamkabidhi funguo.
Mimi hakuniaga. Kafika getini, kasimama, kasema kesho analeta trekta. Injini yake ifungwe na yule mama.
Nikaitikia sawa. Jioni nimefagia, nimemwachia Mama Glory nafasi ya trekta upande wake.