Kidoti cha Steringi

Jumatatu, 6 Januari
Dawa za Bibi, uji, kumwogesha, kumsuka. Baada ya alasiri, picha. Ile ile. Ya Hollywood, nyeusi na nyeupe, mama yangu hajazaliwa. Bwana na mwanamke wanapendana, treni inakuja, bwana anapanda, mwanamke anabaki stesheni na leso. Bibi ninayemtunza, Bi Salma, ni mzaliwa wa Unguja, aliletwa huku Doha, Ghuba, akiwa bibi harusi. Siku hizi haoni zaidi ya mwanga na kivuli, na Kiingereza hakijui. Kwa hiyo mdomo wa picha ni mimi. Natafsiri kama yule jamaa wa kibanda umiza, banda la kuonyeshea video, kule Tanga, sauti zote zangu, mpaka honi ya treni. Bibi anafurahi. Na mimi nafurahi, nisiwe mwongo.

Jumatano, 8 Januari
Bibi kamkasirikia tena yule mwanamke wa kwenye picha. "Hawakumchagua vyema huyu. Alitakikana mwenye kidoti shavuni." Ujanani aliiona senema hii, akakata nywele kama za huyo dada, akamkataa mchumba wa kwanza kwa kuwa hakuwa na kofia kama ya yule bwana. Anasema hata tamthilia za Kituruki anazotazama mke wa mwanawe zimeiba stesheni hii hii, na leso hii hii. Nikacheka.
Halafu nikaacha. Mwenye kidoti shavuni ni mimi. Macho ya Bibi yalikwisha kabla sijafika nyumba hii. Nani kamwambia?

Ijumaa, 10 Januari
Tiketi! Bwana Khalfan, mwanawe Bibi, amenionyesha kwenye simu. Narudi nyumbani Jumamosi ijayo, tarehe 18. Mwanangu Zuhura nilimwacha hajui kuvaa viatu, sasa yuko darasa la pili.
Nilimwambia Bibi mwenyewe. Akasema, "Leo steringi ni weye." Nikamtania, haya Bibi, na steringi hafi. Kwetu ndivyo tunavyosema, mkubwa wa picha hapigwi risasi ikampata.
"Hafi," akasema. "Wala haondoki."

Jumapili, 12 Januari
Yule mwanamke ana doa shavuni. Nimefuta kioo cha TV kwa kitambaa, kisha kwa maji ya sabuni. Halitoki. Akigeuka, linageuka naye.
Naogopa. Bibi aliuliza mbona kimya, tafsiri. Nikatafsiri. Nilitaka kutoa ile sauti nyembamba ya kuchekesha, ikatoka ya kwangu, ninayoongea nayo na wa nyumbani.

Jumanne, 14 Januari
Safari imesogezwa. Bwana Khalfan anasema mama yake hali, halali, nivumilie mpaka Idi ipite. Nimelia jikoni, bomba nimelifungulia.
Jioni Zuhura akapiga simu. "Mama, nimekuota. Ulikuwa unangoja treni. Ulikuwa huna rangi."
Sijawahi kumsimulia mtoto picha hii. Sijamsimulia mtu yeyote.

Alhamisi, 16 Januari
Nimekataa kubaki stesheni. Yule jamaa wa kibanda umiza alikuwa akifufua watu waliokufa kwenye picha, na hakuna aliyemuuliza. Mwenye picha ni anayetafsiri.
Treni ilipofika, bwana nikamnyamazisha. Nikasema kwa sauti ya mwanamke, ambayo ni yangu: Nisogezee begi, mwanangu ananingoja. Nikampandisha mwanamke ngazi. Nikamkalisha dirishani. Nikafunga mlango wa behewa, nikapiga honi. Kwenye kioo cha TV mwanamke alikuwa bado amesimama na leso yake. Sikumwangalia.
Bibi alinishika mkono. Wake wa baridi.
"Kapanda?"
Kapanda, Bibi.
"Basi nani kabaki?"
Akauachia mkono wangu. Jioni akala wali, akamwambia mwanawe khalas, yamekwisha, niende zangu. Tiketi imerudishwa Jumamosi ile ile. Nafunga begi.

Jumatatu, 27 Januari
Tanga. Nimefua, nimeanika. Zuhura haniachii kanga. Tangu nifike ananipapasa uso, shavu hili, shavu lile. Nilidhani ni hamu tu ya mama. Leo kauliza.
"Mama, kidoti chako kiko wapi?"
Nikaenda kwenye kioo. Ngozi tupu, safi, hata kovu hakuna. Nikamwambia kimepotea safarini. Akakubali, akarudi kucheza.
Sasa hivi wameadhini alasiri. Doha na Tanga saa zinalingana. Bibi ameketi anaangalia picha.