Geti kwenye Njia ya Mwaloni

Jumatatu, 17 Februari
Chai, redio, matembezi ya ziwani. Leo nimeishia njiani. Uchochoro wa Pasiansi unaoshuka mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa, umewekwa geti la chuma. Mwenye kiwanja cha pembeni anajenga hoteli. Lilisimamishwa siku za mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa, inayovua gizani kwa taa, imepumzika na wanawake wanaoanika wako majumbani. Giza limerudi, wameshuka na beseni zao, wamekuta kufuli. Kuzunguka ni kupanda bodaboda, nayo inakula faida yote. Mama Kulwa, jirani yangu na kiongozi wao, anasema mvua zikianza kabla njia haijafunguliwa, anaacha kazi, maana dagaa hawakauki mvuani. Amesema kama mtu anayetaja bei.

Alhamisi, 20 Februari
Mhariri wa gazeti letu hataki niiandike. Habari ya uchochoro, anasema. Simlaumu. Mwenyekiti wa mtaa ameitisha mkutano Jumapili na diwani atakuja. Jioni wanawake wamefanya mazoezi ya ngoma ya kumpokea. Nimewasikia nikiwa jikoni. Wanaimba vizuri. Sikupenda.

Jumapili, 23 Februari
Kama nilivyohofia. Ngoma, nyimbo, kitenge begani kwa mgeni, utambulisho wa kila aliyekaa meza kuu. Diwani akacheza kidogo, akashangiliwa. Akazungumzia barabara ya lami. Zamu ya maswali ilipofika tukaambiwa muda hauruhusu. Geti halikutajwa. Hakuna aliyetuziba mdomo. Ukarimu wetu ulimaliza muda wote.

Mikutano ya namna hii ndiyo kazi yangu. Huwa naandika kwamba wananchi walimpokea kwa shangwe. Ni kweli kila mara, na haisemi chochote.

Jumatatu, 24 Februari
Mama Kulwa amekuja asubuhi, amechoka. Nimemwambia ninachokijua, kama jirani. Mkutano ni wa wakazi, diwani ni mgeni tu. Mwenyekiti aombwe auitishe tena, diwani akiwepo, na ufanyike pale pale getini. Msemaji mmoja, swali moja. Wasipokee jibu lisilo na siku. Akauliza, na ngoma? Ngoma mwisho, nikasema. Akacheka.

"Tumnyime mgeni ngoma? Watasema Wasukuma tumekosa malezi."

Lakini amekwenda kwa mwenyekiti. Huyo amekubali shingo upande.

Jumamosi, 1 Machi
Mkutano getini. Jua kali. Ngoma zimelazwa chini, kila mtu anaziona. Diwani alishuka kwenye gari, akasimama akingoja wimbo. Mtu akakohoa. Wanawake wengine waliangalia chini, nikadhani watashindwa.

Mama Kulwa akapiga goti kidogo. "Mheshimiwa, karibu sana. Ngoma ipo, na mazoezi tumefanya. Ila kwanza tuambie, hii njia ni ya nani?"

Diwani akaanza na barabara ya lami. Mama Kulwa alimwacha amalize, akauliza swali lilelile kwa sauti ileile. Mzee mmoja akasema, "Jibu, baba. Jua hili linakuchoma na wewe." Watu wakacheka, na diwani mwenyewe akacheka. Akamgeukia mtendaji wa mtaa. Mtendaji akasema njia ni ya umma. Sauti ndogo, lakini imesemwa.

Itafunguliwa lini? akauliza Mama Kulwa. Jumatano, akasema diwani, huku akielekea garini.

Nikanyoosha mkono. Sijawahi kufanya hivyo kwenye mkutano wowote, huwa nakaa pembeni na kusikiliza. Nikamwomba aitaje siku kwa sauti, maana walio nyuma hawajasikia. Walikuwa wamesikia. Akaitaja.

Akauliza, nusu utani, na ngoma yake? Mama Kulwa akamwambia itapigwa Jumatano.

Alhamisi, 6 Machi
Geti lilifunguliwa jana mchana. Diwani hakufika. Nguzo bado zimesimama, na mlinzi bado ana kiti chake. Ngoma ziko nyumbani kwa Mama Kulwa. Anasema zitakaa hapo mpaka nguzo zing'olewe, na Jumapili anamfuata tena mwenyekiti.

Mhariri amepiga simu, sasa anaitaka habari. Nimemwambia ampe mwandishi mwingine. Mimi nilinyoosha mkono.

Asubuhi nimeshuka mpaka majini. Dagaa wameanikwa juu ya maturubai hadi karibu na mawe. Mawingu mazito upande wa Ukerewe. Wanawake walianza kukusanya bila kuitana. Nikavua viatu, nikashika upande mmoja wa turubai.