Vinyozi Wawili wa Tangi la Kioo

Mpendwa dada yangu,

Salamu tele zikufikie, wewe na shemeji na wajukuu. Natumaini goti lako limetulia. Mwili wangu haujambo, nashukuru.

Uliuliza habari za vinyozi wangu. Ni samaki wadogo wa baharini ninaowafuga kwenye tangi la kioo, hawazidi pingili ya kidole, weusi wenye mstari wa buluu. Hukaa juu ya jiwe kama wanaongoja wateja. Samaki mwenzao mkubwa wa manjano hujisogeza, akapanua mdomo, nao wakamdonoa wadudu mpaka ndani ya mashavu. Nikitumbukiza mkono, hunidonoa na mimi. Mke wa mwanangu hucheka, ati baba amepata wa kumsugua bure.

Sasa amebaki mmoja. Mwenzake nilimkuta amelala mchangani, ubavu juu. Yule wa manjano bado huja na kupanua mdomo, lakini aliyebaki hatoki pangoni.

Nilimwita muuza samaki. Alipima maji, akaguna. Akasema, mzee, hii si bahari tena, hii ni achari. Akanikumbusha jambo ninalolijua miaka yote: maji yakikauka chumvi hubaki, kwa hiyo tangi hujaziwa maji matamu, kamwe si ya chumvi. Akauliza nani hujazia. Nikasema labda mke wa mwanangu. Naye alikuwa palepale mlangoni, akainamisha macho, asinikanushe.

Muuza samaki alipoondoka, mwanangu alinieleza, kwa upole uliouma kuliko tusi, kwamba mkewe hagusi tangi. Wamekuwa wakiniona nikimimina ndoo ya maji ya chumvi asubuhi, na jioni tena. Mimi sikumbuki hata ndoo moja.

Dada, daktari amenipima. Anasema kumbukumbu zangu zinachujuka, na hakuna dawa ya kuzirudisha. Tangu vita vilipotutenganisha nimejiliwaza kwamba iko siku nitarudi. Sasa hata nikiletwa, sitajua kwamba nimefika. Kile chumba unachonitunzia, mpe mjukuu.

Nakuandikia ningali namjua ninayemwandikia. Ukipata barua yangu nyingine inayomuulizia mama, tafadhali usinikumbushe kwamba tulimzika. Nijibu tu kwamba hajambo, na ananisalimu.

Nisalimie wote wanaoniulizia.

Ni mimi,
kaka yako