Ng'ombe wa Gumato na Nauli ya Jidda

Isiolo, Oktoba 1976

Mpendwa mshauri,

Salaam aleikum. Naomba msaada wako na naomba usichelewe, maana jambo lenyewe lina mwisho wake na mwisho huo ni mwezi huu.

Mimi ni mke wa mtu, nakaa Kiwanjani hapa Isiolo, mume wangu Boru ananunua na kuuza ng'ombe, si matajiri lakini hatulali njaa, na mwaka huu madume wake walinenepa wakapata bei nzuri, basi akasema kabla hii pesa haijapotelea kwenye mambo ya dunia twende Makka sisi wawili, na kwa kuwa ndege hatuiwezi tukasikia kuna meli ya mahujaji itatoka Mombasa kwenda Jidda, na wakala akaja mjini akakaa kwenye duka moja karibu na msikiti akatuonyesha picha ya meli, nyeupe, ina madirisha mengi, akataja nauli, na Boru akauza madume akalipia watu wawili bila kuuliza swali hata moja, maana alisema safari ya Mungu haibishaniwi bei kama mbuzi.

Baada ya Idi yule wakala akarudi, tukadhani ameleta tiketi tu, kumbe ameleta na mambo mengine, chanjo, chakula cha melini, godoro, gari la kututoa Jidda mpaka Makka, mtu wa kutupokea na kutuongoza kule, na hema la Arafa, na kila kimoja kina bei yake mbali na ile tuliyolipa. Boru akamwambia, "Wewe umenibeba siku zote hizo baharini halafu hunilishi? Kwetu hata mtu masikini, mgeni akifika kwake anapewa maziwa kwanza, habari baadaye." Wakala akacheka, si kwa ubaya, akasema, "Mzee, meli si boma ya mtu. Hiyo pesa ulitoa ni ya kukaa tu pale juu. Chakula iko na bei yake." Mimi siwezi kumcheka mume wangu, mshauri, kwa sababu hata mimi nilidhani anayekubeba ndiye anayekulisha, na sijui mtu wa kwetu ambaye angedhani vingine.

Sasa madume wameisha, na wale ng'ombe wachache waliobaki nyumbani ndio wa watoto. Lakini kuna ng'ombe mmoja ambaye ni wangu mimi, baba yangu alinipa nilipoolewa, na kaka yangu alipofariki nilimpeleka kwa mjane wake Gumato kule Kulamawe, kwa ile desturi yetu ya dabare, yaani ng'ombe anabaki wako lakini maziwa ni ya yule uliyempa, mpaka siku utakapomhitaji, na ukimhitaji unamchukua na hakuna wa kukulaumu. Huyo ng'ombe amezaa juzi. Maziwa ya asubuhi wanakunywa watoto wa Gumato, ya jioni anampelekea mwenye duka anapewa unga na sukari, na ukiondoa hayo sijui wanaishi kwa nini.

Boru akaniambia, "Ile ng'ombe yako ya Kulamawe na ndama yake wanatosha. Na lazima twende huko hata hivyo kuaga na kuomba radhi kabla ya safari. Tukishamaliza kuomba radhi, turudi naye." Alisema hivyo kwa upole kabisa, anakunywa chai. Mimi nilichukua vikombe nikaenda kuviosha.

Mshauri, hapa mtaani tumeshakula karamu. Majirani walikuja wakatusomea dua, wanawake wananiita Hajia tangu siku hiyo, hata muuza mboga ananiita Hajia, Maryan wa nyumba ya pili ameshanipa pesa nimletee maji ya Zamzam, mama mkwe ambaye haoni vizuri sasa na ndiye atakayebaki na watoto wangu wanne amenishonea nguo nyeupe kwa mkono wake, na wakala alisema mmoja wetu akijitoa kabla ya mwezi kuisha nauli yake itarudishwa ikikatwa kidogo na ingetosha kumlipia mwenzake hayo mengine yote, lakini hilo hatukulizungumza, na nguo nimeshaijaribu, na majirani watasema nini nikionekana sokoni wakati meli imeondoka, watasema Boru alinikataza, au watasema tulidanganya, na wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Nakuuliza, kuchukua ng'ombe wangu mwenyewe ni dhambi? Na nisipomchukua uso wangu nitauweka wapi?

Mimi Mama Chachu,
Kiwanjani, Isiolo.

JIBU

Mama Chachu,

Pole. Umeandika vizuri, na umeandika zaidi ya ulivyokusudia.

Nianze na meli. Nauli ni bei ya kusogezwa kutoka bandari moja hadi nyingine, basi. Ukitaka kujua safari itakugharimu nini, muulize wakala nitakula nini, nitalala wapi, nikishuka nani ananichukua, na nikiugua nani ananitibu, tena muulize kabla hujafungua kibeti. Mumeo amefanya biashara ya ng'ombe miaka yote hii, na najua hanunui dume bila kumfungua mdomo na kumtazama meno. Kwa nini meli aliinunua kwa picha? Huyo wakala hakumdanganya. Hakuulizwa. Heshima ya Mungu na uvivu wa kuuliza ni vitu viwili, na naomba Boru asivichanganye tena.

Halafu kuna gharama ambayo hata wakala haijui. Unaacha watoto wanne na bibi asiyeona vizuri, kwa safari ndefu ya meli kwenda na kurudi, na jambo hilo umelitaja kwa sababu tu ya nguo aliyokushonea. Nani atawatekea maji? Mmoja akipandwa na homa, nani atamkimbiza hospitali? Hiyo pia ni sehemu ya bei, Mama Chachu, na haiwezi kulipwa Mombasa.

Sasa ng'ombe. Mimi si shekhe na sitajifanya shekhe. Swali lako nililipeleka kwa mwalimu wa madrasa aliye jirani na ofisi yetu, naye akanijibu kabla chai yake haijapoa. Alisema ng'ombe ni wako na kumchukua si wizi. Akasema tena kwamba hija ameandikiwa mwenye uwezo, na asiye na uwezo mwaka huu hana deni kwa Mungu mwaka huu. Kwa hiyo dini haikulazimishi kwenda, na desturi yenu haikukatazi kumchukua ng'ombe. Nasikitika kukuambia kwamba huna pa kujificha. Limebaki juu yako wewe.

Umeniletea methali, na methali ni nzuri, lakini ilisemwa kwa mtu aliyevua nguo zake mwenyewe. Wewe unataka kuoga kwa kumvua Gumato nguo zake.

Na hiyo safari ya Kulamawe, ya kuomba radhi kisha kurudi na ng'ombe, niliisoma mara ya pili nikidhani nimekosea. Gumato atasema amekusamehe. Atasema nini kingine? Mgeni yuko mlangoni, ni wifi yake, anakwenda Makka. Atasema amesamehe, atakufungulia zizi, na jioni hiyo ataenda kwa mwenye duka mikono mitupu. Mumeo si mtu mbaya, hilo naliona hata kwenye barua yako. Alisema tu bila kujisikiliza. Wewe ulimsikia, ndiyo maana ukaenda kuosha vikombe.

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Katika barua yako majirani wamejaa kuliko Makka. Kuna muuza mboga, kuna Maryan, kuna wanawake wa mtaa, kuna watakaosema hivi na watakaosema vile. Al-Kaaba sikuiona popote. Sisemi huipendi, maana moyo wako siujui. Nasema kinachokunyima usingizi ni jina la Hajia, na jina hilo ulipewa kwa sahani ya pilau kabla hujafika hata Meru.

Njia ya kutoka umeitaja mwenyewe, ukaifunika katikati ya sentensi ndefu ukidhani sitaiona. Mmoja ajitoe, mwenzake aende akiwa ameshiba. Nawe unajua ni nani. Boru anaweza kwenda bila wewe, wewe huwezi kwenda bila Boru, maana mwanamke hahiji bila mume au ndugu wa kumsindikiza. Inauma. Umeshajaribu nguo, umeshajiona nayo, na mimi sitakuambia kwamba haiumi. Ningekuwa mimi ningelia, kisha ningenawa uso.

Basi fanya hivi, na ufanye wiki hii. Mwambie Boru, mkiwa wawili tu, kwamba wewe unabaki. Usimwambie ni kwa ajili ya Gumato peke yake, mwambie na mambo ya watoto na macho ya mama yake, maana hayo naye anayajua. Akikuambia utamwaibisha, mjibu kwamba mahujaji wengi walitangulia na wake zao wakafuata mwaka mwingine. Aende kwa wakala kabla mwezi haujaisha, arudishiwe nauli yako, alipe chakula, godoro, gari na hema, na kila alicholipia apewe risiti. Kitakachobaki akiache nyumbani, asikibebe. Maryan mrudishie pesa yake au mpe Boru, atamletea hayo maji.

Kisha nendeni Kulamawe pamoja mkaage. Mtamkuta Gumato ana wasiwasi, kwa sababu habari za safari yenu zilishamfikia, na mtu mwenye ng'ombe wa kupewa husikia habari za namna hiyo mapema kuliko wote. Usimwache akupikie chai huku akitazama mikono yako. Kabla hujakaa, mwambie ng'ombe anabaki.