Kilio cha Mama Hakikuwa Maigizo

Chumba cha nyuma ya saluni,
Jumapili asubuhi, tarehe kumi na nne.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Habari za huko kwenye baridi? Kifua kimeachia, au bado una ukaidi wa kutoka bila sweta? Wifi yangu hajambo? Na wale pacha, wameacha kuumana?

Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo hauna ugonjwa. Jana kamwambia fundi bomba kwamba bomba alilolitengeneza linalia kuliko lilipokuwa bovu. Saluni yangu inakwenda, wateja wapo, na umbea wao vilevile.

Barua yako tumeipata. Nilikuwa nikimsomea Mama kwa sauti, tukafika pale ulipoandika kwamba filamu ya Kasuku itaonyeshwa mjini kwenu, kwamba atafikia kwako, na kwamba wewe umeombwa upande jukwaani umtambulishe kama ndugu yako. Ukaandika pia, baada ya kuitazama filamu aliyokutumia: "Mama kaigiza vizuri kuwashinda waigizaji wote. Mbona hamkuniambia ana kipaji?" Mama akavua miwani, akaniambia, "Basi. Sasa mwandikie yote." Kwa hiyo usinilaumu kwa ukali wa barua hii. Nimepewa ruhusa, na nimeingoja muda mrefu.

Kasuku unamjua, lakini uliondoka mapema, nusu yake hukuiona. Mama mkubwa, mamaye, alipofariki, Mama akamchukua akamlea kama wa tumbo lake. Jina la Kasuku alilipata hapa hapa nyumbani kwa kuiga watu: kikohozi cha mwalimu mkuu, mwendo wa jirani mwenye mguu mfupi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Jirani hakucheka.

Alipoanza kuigiza akapewa majambazi na wauaji, na nisiwe mnafiki, aliwaweza. Wateja wangu walibandika picha yake kwenye kioo cha saluni, nikawa natengeneza nywele huku ananikodolea macho. Watu walimpisha njiani kwa woga, naye alifurahi. Kisha akaanza kuleta ujambazi kazini. Mwigizaji mwenzake alipigwa ngumi ya kweli mbele ya kamera, jino likatoka. Kasuku akasema ule ndio uhalisia. Mwenye jino alikuwa na maoni mengine.

Wenye filamu wakamchoka. Mtu mwingine angejirudi. Yeye akasema basi atakuwa mwongozaji, awaamrishe wengine. Kwenye filamu yake ya kwanza alimfungia mwigizaji mmoja wa kike ndani ya stoo yenye giza, bila kumwonya, ili apate mayowe. Magazeti yakagawanyika: huku wanamwita bingwa, huku wanamwita mnyama. Alivikata vipande vya magazeti ya pande zote mbili akavihifadhi. Huyo alishiba sifa na matusi kwa sahani moja. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Huyu alifunzwa na mamaye, akafunzwa na mama mdogo, ulimwengu nao ukajaribu, wote wakashindwa.

Halafu akaja kwetu. Alitaka Mama aigize mama anayeletewa habari ya kifo cha mwanawe. Mama alikubali kwa furaha, maana mtoto kamwomba mzazi. Wakang'oa mapazia sebuleni, wakasimamisha mataa yenye joto kama oveni, wakasukuma kabati la vyombo mpaka uani. Mama akawa anawachemshia chai watu wote, mpaka yule wa kushika nyaya.

Tatizo likawa kulia. Mama kila akiambiwa alie, anacheka. Mara anaitazama kamera, mara anauliza kama kitambaa kimekaa sawa. Mpiga picha akamwambia Kasuku, "Mwache, tumpige akiwa kimya, inatosha." Kasuku akatoka kwenda kwenye korido, akarudi na simu mkononi, akapiga magoti mbele ya Mama.

"Mama mdogo, nimepigiwa simu sasa hivi. Mdogo wetu kagongwa na gari. Hatunaye tena."

Mdogo mwenyewe ni wewe.

Kile kilio unachokisifu, mimi nilikisikia nikiwa saluni, ng'ambo ya barabara. Nilimwacha mteja na nywele nusu, nikakimbia na kitana mkononi. Nilimkuta Mama yuko sakafuni, kitambaa kimemvuka, analiita jina lako la utotoni. Hakuna hata mmoja aliyemshika. Kasuku alikuwa amenyoosha mkono kuwazuia watu wasisogee. Nilipouliza kuna nini, akaweka kidole mdomoni ninyamaze. Ndani ya nyumba ya mama yangu! Nikampita, nikamkumbatia Mama, ndipo akasema, "Kata!" Akapiga makofi. "Mama mdogo, tulia, mwanao mzima. Ilikuwa kazi tu."

Mama hakumwamini. Angemwamini vipi, wakati dakika ile ile alikuwa amemwamini? Tukakupigia simu hupokei, tukapiga tena na tena. Bila shaka unaikumbuka siku uliyotoka kazini ukakuta simu zetu zimejaa, ukampigia Mama, naye akakwambia ameota ndoto mbaya, alitaka kusikia sauti yako tu. Haikuwa ndoto. Alitukataza kukwambia, eti usije ukagombana na ndugu yako ukiwa mbali na kichwa kina moto. Tangu siku hiyo simu ikilia Mama hutoka chumbani. Ndiyo maana kila ukipiga napokea mimi kwanza, namwambia ni wewe unayeongea, ndipo anaishika.

Nilimtaka Kasuku akifute kile kipande. Akanijibu, "Dada, hakuna mwigizaji duniani anayeweza kulia vile. Unataka nikitupe?" Nikamwambia, "Hukitupi, unakirudisha. Si chako." Ikabidi aitwe mjomba. Mbele ya mjomba akainamisha kichwa, akaahidi kukiondoa, hata machozi yakamtoka. Nasi tukasahau huyu hula kwa machozi.

Siku ya uzinduzi alitutumia gari, tukakalishwa viti vya mbele ukumbini. Na kile kipande kikaja chote, uso wa Mama umejaa ukuta mzima. Mama alijitazama kidogo, akanishika mkono, akainuka. Tulitoka kwa kupita mbele ya pazia la filamu, kivuli chake kikikatiza uso wake mwenyewe. Watu wakadhani ni sehemu ya onyesho, wakasimama kumshangilia. Kesho yake gazeti likaandika kwamba mama wa mwongozaji alizidiwa na furaha.

Hata kuficha hafichi. Redioni kasema alitumia uongo mdogo kuupata ukweli mkubwa. Mtangazaji akacheka naye. Mimi nikazima redio. Kweli mchuma janga hula na wa kwao, ila huyu amelichuma, akatugawia sisi tu.

Sikupangii la kufanya, u mtu mzima. Kumlaza au kutomlaza ni shauri lako na wifi. Lakini usipande kwenye lile jukwaa. Wapiga makofi watakuwa wanakutazama wewe unayeliliwa, umesimama karibu na aliyekuua.

Mjomba anakusalimu, anasema aibu imemkaa, kwa kuwa ahadi ile ilitolewa mbele yake. Fundi viatu wa pale kona naye anakuulizia. Wabusu pacha, na wifi mpe salamu zangu zote. Mungu akuongoze barabarani, akuepushe na kila lililosemwa juu yako kwa uongo, akuzeeshe mpaka utuchoshe.

Mama nilimuuliza kama ana neno la kuongeza. Akasema: "Mwambie nilishamzika mara moja, nikamfufua kwa simu. Asiende kukaa kwenye msiba wake mwenyewe."

Ni mimi nikupendaye, niliyekubeba mgongoni,
Dada yako